Mashine ya Mukarrama na Mkate wa Uchumba

Mukarrama alikuwa na sharti moja juu ya mkate, akalishika kama wengine wanavyoshika saumu: mkate ambao hakuukanda kwa mikono yake hakusema ni wake. Hakusema hivyo kwa mgeni, wala kwa mumewe, wala kwa mtoto mdogo aliyeuliza kwa kuuliza tu. Sharti hilo alilipokea kwa bibi yake mzaa mama, pamoja na ungo wa kuchekechea na muhuri wa misumari wa kutoboa mkate katikati, na katika vyote vitatu sharti ndilo halikuchakaa.

Mwaka mmoja mgeni mwenye cheo kutoka Dushanbe, mji mkuu, aliketi kwenye kitambaa chake cha chakula kilichotandikwa sakafuni, akamega kipande, akaanza kusifu.

"Mama, mkate wako huu sijapata kuuona."

Mukarrama alimsimamisha mkono ukiwa njiani kwenda mdomoni. "Huo ni wa wifi yangu. Wangu ni ule pale, umeungua upande mmoja. Haya, sasa kula."

Mgeni alikula, lakini kimya kimya.

Waliishi Konibodom, nyuma ya kiwanda cha kuchambua pamba, katika jengo la matofali la ghorofa nne. Uani palikuwa na tanuri la udongo lililotumiwa na nyumba nane, kila nyumba kwa siku yake. Siku ya Mukarrama ilikuwa Alhamisi. Lakini sifa yake haikuwa ya Alhamisi. Kila palipokuwa na uchumba, arusi au tohara, wanawake walimwaga unga kwenye hodhi kubwa la mbao, wakaweka chumvi na hamira na maji ya vuguvugu, kisha wakakaa wakisubiri. Hakuna aliyegusa. Mukarrama alishuka ngazi akiwa na aproni safi, akanawa mpaka viwiko, akasema bismillah, akaupiga unga ngumi ya kwanza. Hapo ndipo mikono mingine iliingia. Walisema unga ulioanzwa na mwanamke yule hauachi kuumuka, na ndoa inayofungwa kwa unga huo haiachi kudumu.

"Unga huumuka kwa hamira," aliwajibu kila mara, kwa ukali. "Msinitie ushirikina."

Lakini kwa kazi ile alivaa kitambaa chake cha kichwa cha hariri. Kwa miaka ishirini na sita aliitwa kila mara, na hakuna heshima nyingine aliyoitaka duniani.

Kisha baridi yabisi ikamwingia vidoleni. Ilianza kwa kuuma asubuhi, ikaendelea mpaka vidole vikakataa kukunjika. Daktari wa zahanati alimwambia asikande tena. Alimkodolea macho daktari yule, kijana wa juzi, akarudi nyumbani akakanda. Alhamisi ile alilia machozi ndani ya unga, na mumewe Nosir, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha pamba, akamwondoa hodhini kwa nguvu.

"Mama Farrukh, chumvi tunayo ya kutosha. Ondoka hapo."

Binti yao Robiya, mwalimu wa chekechea, alijaribu kushika nafasi ya mama. Alikuwa na moyo mwema na mikono mibovu. Mkate wake ulitoka bapa kama kandambili, naye alicheka kuliko waliokula.

Mwezi wa Novemba dereva wa basi la Urusi alishusha boksi lililofungwa kwa blanketi. Lilitoka kwa Farrukh, mtoto wao mkubwa, aliyekuwa akipiga plasta huko Yekaterinburg. Ndani mlikuwa na chombo cheupe cha plastiki, kirefu kuliko sufuria, chenye kidirisha juu na vitufe kando. Farrukh alikuwa kwenye simu, uso wake umejaa kioo kizima.

"Hii nini, mwanangu? Ndoo yenye dirisha?"

"Mashine ya mkate, mama. Unatia maji, unga, chumvi, hamira. Unabonyeza, unakwenda zako."

"Nakwenda wapi?"

"Popote, mama. Inakanda yenyewe, inaumua yenyewe, inaoka yenyewe."

"Mwanamke anayetia unga halafu akaenda zake, huyo kalogwa na nani?"

"Baba, mwambie!"

Nosir alikuwa amekwisha vaa miwani, anasoma kitabu cha maelekezo. Kirusi alikijua tangu jeshini. "Imeandikwa hapa usifungue mfuniko ikiwa inafanya kazi," alisema.

"Ndoo ndiyo itakayoniamuru mimi?"

Iliamuru. Mara ya kwanza Mukarrama hakusikiliza kitabu wala mumewe. Alipima unga kwa kibakuli cha chai na maji kwa jicho, kama alivyozoea, na badala ya hamira ya paketi akatia kipande cha unga mchachu alichokiweka akiba, pamoja na mafuta ya mkia wa kondoo. Mashine iliguna. Ikatikisika. Ikaanza kutembea juu ya meza kidogo kidogo kama mtu anayetoroka kikao, na Nosir akaidaka ukingoni. Baada ya saa tatu na nusu walitoa kitu kizito, cha pembe nne, chenye rangi ya saruji. Robiya alikigonga kwa kijiko, kikalia.

Sasa, mahali pale mkate hautupwi. Hautupwi ukiwa mbichi, hautupwi ukiwa umeungua. Kipande kilichoanguka njiani huokotwa, hubusiwa na kuwekwa juu ya ukuta ili ndege wale. Wapo wanaoficha makosa yao tumboni mwa ng'ombe wa jirani, lakini Mukarrama hakuwa mmoja wao. Aliyeharibu ndiye alaye. Hivyo ndivyo alivyowalea watoto, na hakuona kwa nini yeye aachwe. Alikula tofali lile kwa siku nne, akilichovya kwenye chai ya kijani mpaka lilegee. Nosir alikula naye, maana alimpenda.

"Mama Farrukh," alisema siku ya tatu, akishika shavu, "jino hili nilikuwa nalo tangu enzi za Brezhnev. Leo sina uhakika."

Mara ya pili alifuata kitabu. Alipima kwa kikombe kilichokuja na mashine, akatia hamira ya paketi huku akiguna. Mashine ilikanda vizuri, kisha ikanyamaza. Ilikuwa inaumua. Mukarrama aliitazama ikiwa imekaa uchi pale mezani, jikoni kuna ubaridi, akaona vibaya. Maisha yake yote unga unaopumzika aliufunika kama mtoto mwenye homa. Alichukua mfarishi wa pamba, ule mzito wa kulalia wageni, akaifunika mashine yote, akaupindia chini pembe zote nne, akashuka uani kuzungumza na Tursunoy wa ghorofa ya kwanza.

Waliposikia harufu walidhani ni tanuri.

"Mama!" Robiya aliita dirishani. "Mashine inalia!"

Mashine ilikuwa inapiga mlio mmoja mrefu chini ya mfarishi, moto kama pasi, na kioo kidogo kando ya vitufe kimeandika herufi ambazo hata Nosir hakuzijua. Pamba imegeuka rangi ya chai. Simu ikapigwa Yekaterinburg.

"Mama, umeifunika na nini?"

"Na mfarishi."

"Mfarishi gani?"

"Ule mzito."

Upande wa pili zikasikika sauti za wanaume kumi wakicheka. Farrukh alikuwa kazini, na simu yake ilikuwa kwenye spika. "Mama," alisema alipoweza, "mama yangu, ina joto lake yenyewe. Ulitaka kuipeleka hospitali?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningejuaje kwamba utailaza kitandani?"

Nosir aliifungua kwa bisibisi, akaipuliza, akasubiri ipoe, na kwa rehema za Mungu ikawaka. Mara ya tatu kila kitu kilikwenda sawa mpaka umeme ulipokatika mashine ikiwa katikati ya kuoka. Mkate ulikuwa umeiva nje, mbichi ndani.  Mukarrama akawasha jiko la gesi, akaukatakata, akavisukuma vipande kwa mti wa kusukumia, akavikaanga kwa mafuta ya kondoo na vitunguu. Tursunoy alipanda ngazi kwa kufuata harufu tu.

"Mama Farrukh, hiki chakula kinaitwaje?"

"Kinaitwa umeme umekatika."

"Nitawapikia na mimi. Unaanzaje?"

"Unasubiri ukatike."

Mara ya nne ilikuwa siku ya theluji ya kwanza. Saa tano asubuhi harufu ya mkate ilijaa jikoni, ikapita chini ya mlango, ikashuka ngazi. Kupitia kidirisha waliuona umeinuka, umevimba, kichwa chake cha dhahabu kinakaribia kugusa mfuniko.  Robiya alimshika mama yake bega, wakatazama pamoja kama watu wanaotazama arusi kutoka dirishani. Kengele ilipolia, Mukarrama alikitoa chombo cha ndani kwa taulo, akakigeuza juu ya kitambaa ili mkate utoke, na mkate ukatoka: kichwa chini, tumbo juu.

Tursunoy alipiga kelele kama aliyekanyaga nyoka, maana kwao kulaza mkate kifudifudi ni kuudharau. "Kifudifudi! Mkate umelala kifudifudi!"

Mukarrama aliunyakua ukiwa unachoma, akaugeuza, akaubusu, akaugusisha kwenye paji la uso, akaubusu tena. "Unisamehe, unisamehe," aliuambia. Tangu siku ile mkate wa mashine ulitolewa na watu wawili: Nosir aligeuza chombo, naye akaudaka kwa mikono miwili kama mkunga, wala haukugusa kitu kabla haujatazama juu. Chini ulikuwa na tundu la kibao cha kukandia, na watoto wa ghorofa ya tatu waligombania kutia kidole.

Ulikuwa mkate mwepesi, mtamu, laini kama shavu. Wanawake wa jengo zima walikuja kuutazama kwa kisingizio cha kuazima chumvi. Ni Nosir aliyeipa mashine jina. "Huyu ndiye mkazamwana niliyemngoja," alisema. "Anaamka mapema, anakanda, hajibu, hasusi, na hajaenda kwao hata siku moja."

"Na hajakuzalia mjukuu," alisema Tursunoy.

"Mpe muda."

Mukarrama alicheka mpaka akashika mbavu. Hakuwa amecheka hivyo tangu vidole vilipoanza kuuma. Lakini alipompelekea Tursunoy nusu ya mkate, alisimama mlangoni akasema yale aliyowaambia wote: "Huu ni wa mashine. Mimi nimepima tu."

Mwezi Machi, miti ya mishmishi ilipochanua nyuma ya kiwanda, watu wa Isfara, mji wa jirani, walileta habari kwamba wanakuja kumchumbia Robiya. Kijana alikuwa fundi wa pampu za maji, mpole, yatima. Aliyemlea ni shangazi yake Sabohat, na ndiye angekuja kuvunja mkate. Habari hiyo iliufanya mtaa mzima uguse kifua kwa wasiwasi. Sabohat alikuwa mwoka mikate ya arusi, mwanamke mwenye mabega ya mpiga mieleka, na ilijulikana kwamba aliwahi kutoka kwenye karamu ya watu kwa sababu mkate ulikuwa na unga mbichi pembezoni.

Na uchumba, kwa watu wale, haufungwi kwa maneno. Wazee wa pande mbili hushika mkate mmoja wa duara, huuvunja, hula, na hapo msichana ana kwao kupya. Katika ukoo wa Mukarrama mkate huo lazima utoke nyumbani kwa msichana, na msichana mwenyewe haugusi. Ni kazi ya mama.

Tursunoy alikuja na shauri, akalisema akiwa hajakaa bado. "Tutakukandia sisi. Wewe piga ngumi moja, nasi tumalizie. Nani atauliza?"

"Mungu hataniuliza?"

"Mungu anajua vidole vyako! Sabohat ndiye hajui. Sikiliza, Mama Farrukh. Watu wa mtaa tunakuheshimu. Ukisimama mbele ya mwanamke kama yule ukasema mikono yangu imekwisha, habari itafika kila hodhi Konibodom. Nani atakuita tena kuanza unga?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha Mukarrama. Majirani walijua kwamba hakandi. Lakini kujua ni jambo moja, na kutangaziwa mbele ya wageni ni jambo jingine. Lisilotamkwa watu huweza kulizunguka, na kwa kulizunguka walikuwa wakiendelea kumwita. Majira yale ya baridi alikuwa amepiga ngumi ya kwanza mara mbili, akishikilia pumzi kwa maumivu, wao wakitazama pembeni kwa adabu.

Alijaribu kwanza mkate wa mashine wenyewe. Aliushika pande mbili, akauvuta kama wavutavyo wazee. Haukuvunjika. Ulinyumbuka, ukachanika taratibu kama pamba, na Nosir akatikisa kichwa.

"Huo hauvunjiki, huo unabembelezwa. Watavuta mpaka Ijumaa."

Ni Robiya aliyeona njia. Alikuwa anapitia kile kitabu. "Mama, kuna namba nane. Inakanda tu, haioki."

Mukarrama alimtazama, akaitazama mashine, akasimama. "Baba Farrukh," alisema, "leta gunia la unga."

Siku yenyewe waliamka alfajiri. Mashine ilikuwa ndogo. Ilimeza nusu kilo kwa mkupuo mmoja, na wageni walihitaji mikate kumi na sita. Basi mikupuo minane. Nosir alikaa kando yake na saa, na baada ya kila mkupuo aliilazimisha ipumzike. "Moyo wa mota huu," alisema. "Mkiuendesha kama punda tutazika mkazamwana siku ya uchumba." Alifungua dirisha, akaipepea kwa gazeti. Mukarrama alipima kila kitu mwenyewe, unga, chumvi, hamira, maziwa, akisema bismillah mara nane, na donge lililotoka alilifunika kwa mfarishi ule ule wenye alama ya chai. Safari hii mahali pake.

Majirani walikuja bila kuitwa. Vidole vya Mukarrama havikuweza kukanda, lakini viganja viliweza kutandaza. Alizungusha kila donge, akalibonyeza katikati, akaacha ukingo mnene, akachukua muhuri wa misumari akachora ua, akanyunyiza ufuta na habasoda. Uani Nosir alilisha tanuri mabua ya pamba mpaka kuta zikawa nyeupe kwa joto. Tursunoy, kichwa chake kimefungwa kama askari, aliinama ndani akabandika mikate ukutani mmoja mmoja.

"Robiya, toka hapo! Kidole chako kimeona unga!"

"Sijagusa, shangazi Tursunoy!"

"Umeuangalia vibaya. Kachemshe chai."

Mikate ilipoanza kubanduliwa, iking'aa kwa maji na maziwa, ukingo umevimba, katikati pamekauka na ua limeonekana kila jani, wanawake wote walisogea. Tursunoy alishika mmoja, akaugonga kwa ukucha.

"Mama Farrukh," alisema polepole, "hata ujanani hukuwahi kutoa kama huu."

Ilikuwa kweli, na iliuma kidogo. Mukarrama alicheka hata hivyo.

Sabohat aliingia saa saba, akavua viatu, akaketi mahali pa heshima bila kuulizwa. Kando yake aliketi Mzee Ubaydullo, mjomba wa Mukarrama, mwenye miaka themanini na sikio moja zima. Dua ikasomwa. Wakashika mkate, huyu upande huu, yule upande ule. Ulivunjika kwa mlio mkavu uliosikika mpaka jikoni, na wanawake wakapiga vigelegele. Robiya, nyuma ya mlango, alifunika uso kwa aproni.

Sabohat alitafuna. Chumba kizima kilitazama taya lake. Alimeza, akamega tena, akatafuna kwa upande mwingine, akakigeuza kipande akatazama vitundu vyake kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi nimeoka miaka arobaini," alisema. "Sina tabia ya kusifu. Muulizeni yeyote Isfara. Lakini unga huu! Umekandwa mpaka umesahau kwamba ulikuwa ngano. Mama wa msichana, lete mikono hiyo niibusu."

Akanyoosha mikono yake mikubwa. Mukarrama alihisi vidole vya Tursunoy vikimfinya paja chini ya kitambaa, kwa nguvu, mara mbili: nyamaza, nyamaza. Wanawake wote wa jengo waliketi pale. Nosir aliangalia kibakuli chake cha chai. Ilikuwa rahisi sana. Hakuna aliyekuwa anamwomba aseme uongo, walikuwa wanamwomba tu atoe mikono.

Aliificha mikono mapajani. "Dada Sabohat, usiibusu. Haikukanda. Ina ugonjwa, haikandi tena tangu Novemba. Nimepima mimi, nimetandaza mimi, muhuri ni wangu. Aliyebandika ni Tursunoy huyu. Aliyekanda ni mashine."

"Ni nani?"

"Mashine. Mwanangu kaileta kutoka Urusi."

 Sabohat aliweka kipande chake chini, uso juu, kwa uangalifu. Uso wake mwenyewe ulikuwa umeiva.

"Nimeutukana mkate wa mama mkwe wangu miaka thelathini," alisema hatimaye. "Nimetoka kwenye karamu za watu. Mikate ya dada zangu sijaisifu hata mmoja. Na leo, mbele ya watu, nimesifu ndoo?"

"Kasemaje?" aliuliza Mzee Ubaydullo.

"Kasema kasifu ndoo, mjomba!" alipaza sauti Nosir.

Mzee alifikiri. "Ndoo ya nani?"

Mtu mmoja alipasuka kwa kicheko, na baadaye kila mmoja alidai ni mwingine. Kicheko kilizunguka kitambaa chote, kikamfikia Sabohat, akapigana nacho kwa mdomo uliobanwa, akashindwa. Alicheka mabega yake yakitikisika mpaka vibakuli vikagongana. Alipofuta macho alisimama.

"Iko wapi? Nionyesheni."

Iliwekwa sakafuni mbele yake. Mukarrama alipima unga, Nosir akabonyeza namba nane. Sabohat alipiga magoti, akainamia kidirisha, na hapo akabaki. Pilau ililetwa, hakugeuka. "Tazama, tazama," alikuwa akisema, akimvuta Mukarrama mkono kwa upole asiviumize vidole. "Inageuza donge. Sasa inalipiga. He! Inajua! Hata binti yangu hajui hivyo. Nyinyi mnakula nini? Njooni mtazame!"

Wakatazama, wageni na wenyeji, sinia la pilau likipoa, vichwa vimeshikana juu ya kidirisha kimoja. Kabla ya kuondoka Sabohat alimfunga Robiya kitambaa cheupe, akambusu, akasema msichana ni wao. Kisha akamwuliza Nosir kama dereva wa basi la Urusi anapokea mizigo mikubwa.

Mukarrama alifanya lililompasa, na halikumharibia binti yake jambo. Robiya aliolewa mwezi Juni, wanakaa Isfara, wanapendana. Mashine inafanya kazi kila siku mbili, na Nosir bado anaigeuza naye bado anadaka.

Mwezi ule ule wa Juni palikuwa na arusi ghorofa ya tatu. Wanawake walimwaga unga kwenye hodhi, wakatia hamira na maji, wakakaa wakisubiri, na aliyeshuka ngazi na aproni safi alikuwa Tursunoy. Hakuna aliyemsema Mukarrama vibaya. Walimpa kiti kizuri, wakamletea chai ya kwanza, lakini jambo lililotamkwa hawakuweza tena kulizunguka. Zimepita arusi tisa tangu siku ile, na hakuna hata moja aliyoitwa kuanza unga.